Mita Mia Sita na Arobaini

Karakana, 3 Februari

Baba, shikamoo.

Sauti niliyobaki nayo ni ya utepe wako wa chuma ukijirudisha kwenye kasha lake: shwaaa, halafu tak. Ilikuwa asubuhi niliyoondoka, siku ya nane baada ya kumzika Mama. Mimi nilikuwa mlangoni na begi, wewe ulikuwa nyuma ya nyumba unapima ukuta ambao umeshaupima mara nyingi. Niliposikia ile tak nilijua umemaliza, nikasubiri kidogo, halafu nikaenda. Hukuja kuniaga na mimi sikuzunguka nyumba kuja kukuaga. Ni miaka miwili sasa.

Sikuandikii kukulaumu. Nakuandikia kwa sababu ya kazi, na kwa kuwa masikio yako na simu havielewani.

Ndani ya sanduku hili, katikati ya magazeti, kuna kipokezi cha setilaiti. Kinasikiliza setilaiti zinazopita juu, kinapima muda ambao ishara zake zimesafiri, kisha kinakuambia uko wapi. Vifaa vya namna hii vipo siku nyingi, ila ni vya meli na majeshi. Sisi tunatengeneza cha mtu wa kawaida: dereva wa lori, mkunga, mchimba visima. Mkuu wetu anataka kisizidi bei ya baiskeli kuukuu. Tunamwita Senti, na anajua. Jana alimuuliza Miwani, fundi wetu wa kuunga waya kwa solda, kama skrubu nne za kasha haziwezi kuwa tatu. Miwani hakuinua hata kichwa. "Zinaweza, mkuu. Na kiti chako kinaweza kuwa na miguu mitatu." Watu walicheka. Mimi nilicheka kidogo baadaye, nilipokumbuka kwamba inabidi.

Ninachokuomba ni hiki. Wewe ni mpima ardhi, unajua kuliko mimi kwamba namba za setilaiti na namba za ramani zetu za zamani hazilingani. Kati yake kuna mita mia kadhaa, na pengo lenyewe hubadilika wilaya hadi wilaya. Ndani ya kipokezi nimeweka jedwali la kugeuza hizi ziwe zile, ili mtu aweze kukitumia na ramani ya karatasi aliyo nayo. Jedwali ni kazi yangu. Kila wilaya tunatafuta mtu anayeweza kusimama kwenye nguzo ya upimaji ambayo namba zake zinajulikana, asome kipokezi kila siku, nami nilinganishe.

Wilaya yetu nimekuandika wewe. Tumia ile nguzo yako ya zege nyuma ya jiko, ambayo Mama alikuwa anaanikia sufuria. Kila siku saa mbili asubuhi, siku arobaini. Niandikie tarakimu tatu za mwisho za kaskazini na tatu za mwisho za mashariki. Maneno si lazima.

Binti yako


20 Februari

Mwanangu, marahaba.

Sanduku limefika, shangazi yako alilichukua posta akaniletea. Magazeti uliyofungia nimeyasoma yote, hata matangazo ya vifo. Kifaa chenyewe ni kidogo mno. Nilikigeuza nikitafuta mahali pa kuweka jicho, sikupaona, nikakumbuka kwamba siku hizi mashine ndiyo inayokuangalia wewe.

Nimekubali kazi. Najua mshahara wake ni ahsante, lakini nimefanyia serikali kazi miaka thelathini na mmoja kwa karibu hivyo hivyo.

Umesema maneno si lazima. Mimi nimeyaweka, utayaruka ukitaka. Asubuhi chai inakuja mapema sana, kabla mtu hajapata hamu nayo. Nikishakunywa natoka nacho nje pole pole, nakaa, nakiweka kwenye goti. Kinachukua dakika nne hadi tano kupata setilaiti zake. Wazee wenzangu hapa wamekizoea. Yule wa kushoto kwangu, aliyekuwa mpiga chapa, ananiuliza kila siku, "Leo tuko wapi, Kapteni?" Namwambia, "Palepale pa jana, songa mbele kidogo unanizibia mbingu." Anakohoa kwa kicheko mpaka dada wa zamu anatoka kutufokea. Ni binti mkali, lakini ana mikono mizuri. Anasema mimi ni mtu wa kwanza kumwona akiandika barua kwa mbingu na kupata majibu.

Hapo chini ni siku kumi za kwanza. Natoa nne tu hapa, nyingine ziko kwenye karatasi ya pili.

Mahali: Nguzoni, nyuma ya jiko.
Kaskazini 417, mashariki 882.
Kaskazini 419, mashariki 880.
Kaskazini 416, mashariki 883.
Kaskazini 418, mashariki 884.

Kula vizuri. Mtu anayefikiri sana hula akiwa amesimama, na chakula hakishuki.

Baba yako


Karakana, 8 Machi

Baba, shikamoo.

Nimepata karatasi mbili. Nguzo ya nyuma ya jiko kwenye daftari la serikali ni kaskazini 902, mashariki 465. Wewe unapata 417 na 882. Hiyo ni tofauti ya mita mia sita na arobaini, na haiyumbi. Kipokezi kibovu kingetawanya namba huku na huku kama mchele uliomwagika. Zako zimekaa pamoja ndani ya mita tano siku zote kumi. Maana yake ama kifaa ni kizima na jedwali langu ni baya katika wilaya nzima, ama hukuwa nguzoni.

Naomba unijibu matatu. Je, ni nguzo ileile? Je, kuna mtu aliihamisha? Je, betri umebadilisha?

Sina mengine. Hapa tunaanza kazi saa moja na kumaliza ikishaisha. Chumba changu kina dirisha linalotazama ukuta, na ukuta huo umepakwa rangi upya. Naona ni jambo zuri.

Binti yako


17 Machi

Mwanangu, marahaba.

Nguzo ni ileile. Hakuna aliyeihamisha, labda aje na jeshi. Betri nimebadilisha mara mbili.

Namba ni zilezile zilizotoka kwenye kioo. Sijaongeza, sijapunguza, sijanyoosha hata moja ili ipendeze. Hilo niamini. Siku nyingine kumi na tano ziko nyuma ya ukurasa huu, utaona ni ndugu za zile za mwanzo.

Ukiona kazi ya mzee haifai, itupe. Tafuta mtu mwingine kwenye nguzo nyingine, kijana mwenye miguu. Sitakasirika. Na hata nikikasirika, nitakuwa mbali.

Mpiga chapa wa kushoto ameondoka juzi. Mahali pake amekuja mwalimu mmoja mstaafu, anasahihisha Kiswahili cha kila anayepita. Kapteni sasa naitwa "Bwana Kapteni".

Ule ukuta unaoutazama, umepakwa rangi gani?

Baba yako


Karakana, 4 Aprili

Baba, shikamoo.

Sikuzitupa.

Nilikaa na namba zako siku sita. Kanuni yetu ni nguzo mbili kwa kila wilaya, na Senti aliniita ofisini kwake kuniuliza.

"Wilaya yenu una nguzo ngapi?"

"Moja. Ya Baba."

"Na ya pili?"

"Mkuu, huyu mtu amepima wilaya ile yote kwa miguu. Akisema yuko nguzoni, yuko nguzoni."

Aliniangalia, akaangalia kalenda. Tulikuwa tumechelewa wiki tatu. "Basi utatia sahihi wewe," akasema.

Nimebadilisha jedwali la wilaya yetu kwa mita mia sita na arobaini, ili kipokezi kikiwekwa nyuma ya jiko letu kisome 902 na 465. Nilipolijaribu kwa namba zako, zote ziliangukia juu ya nguzo kama vile mtu amezipanga kwa mkono. Vipokezi mia tatu na kumi na viwili viko barabarani kuelekea huko sasa hivi, na jedwali hilo liko ndani ya kila kimoja.

Nakushukuru. Ukuta ni wa kijivu.

Binti yako


Nyumbani, 12 Mei

Mwanangu,

Natumaini ulifika salama. Uliondoka haraka kiasi kwamba hata chakula nilichokufungia kilibaki mezani, nikakila mwenyewe nikiwa nalia, chumvi ikazidi.

Sitakuficha, watu walizungumza. Siku tatu za msiba wa baba yako hukutoa chozi. Watu wanakupa mkono, wewe unasema "ahsante, ahsante" kama karani wa dirishani. Halafu baada ya mazishi unaniuliza, "Shangazi, alikuwa wodi gani?" nakwambia wodi ya wanaume, ile yenye baraza, nawe unasimama unakwenda kwa miguu na nguo za msiba. Mke wa jirani akasema, "Huyu binti amechanganyikiwa." Nikamwambia, "Huyu ndivyo alivyo. Alipokuwa mdogo akianguka alikuwa anahesabu kwanza, halafu ndiyo analia." Sasa nasubiri hiyo halafu.

Najua una hasira na mimi. Miezi mitatu na nusu kaka yangu amelazwa, na mimi nakuletea posta salamu za mtu aliyeko nyumbani. Aliniapisha. Alisema, "Mtoto alipoteza mwaka mzima wa masomo kwenye kitanda cha mama yake. Kwenye changu hatapoteza hata siku." Nilimwambia anakosea, akasema amesikia. Unamjua akisema amesikia.

Kuna jambo jingine. Barua yako ya mwisho, ile ya Aprili, nilimsomea mimi. Macho yalikuwa yameshachoka. Nilipofika pale uliposema umebadilisha jedwali, akaniambia rudia. Nikarudia. Akasema, "Amezitumia?" Nikasema, "Ndiyo, na amekushukuru." Akafumba macho nikadhani amelala. Kisha akasema, "Mwandikie leo. Mwambie sikuwa nyuma ya jiko." Nikamwambia, "Kaka, tulia, atajua mwenyewe akija." Nilidhani anataka kukiri kuhusu ugonjwa, nikaona si mimi wa kulitoa hilo kwenye karatasi. Siku ya pili aliniuliza kama nimeandika, nikamdanganya kwamba ndiyo. Baada ya hapo hakuuliza tena.

Kwa nini lilimsumbua vile, sijui. Kama wewe unajua, niambie.

Nakutumia daftari lake. Kifaa chako najua ulikichukua mwenyewe.

Shangazi yako


Karakana, 11 Juni

Shangazi, shikamoo.

Sina hasira na wewe. Nimejitafuta vizuri na sijaipata.

Nitakujibu swali lako. Siku ile nilikwenda wodini nikakaa kwenye benchi la barazani. Dada wa zamu alinitambua kabla sijasema kitu. "Wewe ndiye wa mbinguni," akasema, "mzee alikuwa anakuandikia." Akanipa kipokezi kutoka kwenye kabati la dawa, walikuwa wamekifungia kisije kikaibwa. Kilikuwa bado na jedwali la zamani, kabla sijalibadilisha. Nikakiwasha, nikakiweka kwenye goti. Dakika nne. Kaskazini 418, mashariki 881.

Namba za Baba zilikuwa sahihi siku zote. Kifaa kilikuwa kizima na jedwali langu la kwanza lilikuwa zima. Kilichokuwa na kosa ni maneno machache juu ya ukurasa, mahali alipoandika kwamba yuko nguzoni. Kutoka nguzo ya nyuma ya jiko hadi benchi lile ni mita mia sita na arobaini. Kifaa kilikuwa kinaniambia kila siku kwamba baba yangu yuko hospitali, na mimi nikakirekebisha mpaka kikakubali kwamba yuko nyumbani.

Ningeweza kufungua ramani. Ningeweka rula kutoka nguzo, mita mia sita na arobaini kusini-mashariki, ningeona kinachokaa pale. Ni kazi ya dakika moja. Nimesoma tena barua zake zote. Chai inayokuja mapema, mzee wa kushoto, dada wa zamu, aliyeondoka na aliyekuja mahali pake. Kila kitu alikiandika. Nilikuwa naruka maneno naenda kwenye namba.

Shangazi, hii ni wiki ya sita na sijamwambia mtu. Nilirudi kazini siku ya pili, nikavaa koti la karakana, Miwani akanishika bega akasema, "Pole, mtoto wa mzee." Nikasema ahsante. Nikakaa. Kila asubuhi naamka nikiwa nimekusudia kusema, na kila jioni nakuta sikusema, na katikati hakuna kitu. Kama vile mchana umekatwa kwa mkasi.

Wiki iliyopita ilikuja barua kutoka kwa wachimba visima wa wilaya yetu. Walinunua vipokezi viwili. Kisima ni cha shule. Mtaalamu wa maji aliweka alama kwenye ramani, wao wakafuata kipokezi mpaka kikasema ni hapa. Wamechimba mita tisini. Wameandika: "Tumetoa vumbi mpaka mashine imekohoa. Mwalimu mkuu haamini kwamba sisi ni wachimba visima. Siku hizi nasi hatuamini." Ni watu wacheshi. Maji yako mita mia sita na arobaini kutoka pale walipochimba.

Senti alisoma barua ile mbele yetu sote. Akauliza vipokezi vya wilaya ile vilichomwa solda kwenye meza ya nani. Vyote mia tatu na kumi na viwili ni vya meza ya Miwani. Akasema ni viungo vibovu, mkono wa fundi umezeeka. Miwani akavua miwani. Sijawahi kumwona bila miwani. Akasema, "Mkuu, mkono huu miaka kumi na tisa haujatetemeka. Unatetemeka leo kwa sababu ya hayo maneno." Senti akamwambia akae nyumbani mpaka uchunguzi uishe. Mchunguzi ni mimi.

Alipokuwa anakusanya vitu vyake aliniangalia, akasubiri. Nikamsaidia kubeba kikombe chake.

Nikiandika ukweli kwenye ripoti ile, itabidi niandike kwamba marehemu alidanganya, na kwamba mtoto wake hakujua alipo kwa miezi mitatu. Nimejaribu kutafuta njia ya kuliandika moja bila jingine, sijaiona.

Binti wa kaka yako


Nyumbani, 20 Juni

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, nikaingia ndani nikaisoma nimekaa. Sasa nisikilize, kwa sababu mimi si mhandisi na sitarudia vizuri.

Unasema unamlinda kaka yangu. Wewe humlindi, unamtumia kama pazia. Aliyedanganya ni yeye, sawa, alidanganya. Nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika daftari akiandika lile neno "nguzoni", mkono wake ukasimama kidogo, halafu akaandika. Nikamwambia, "Kaka, kama ni kudanganya, danganya kote. Namba za nyuma ya jiko unazijua kama jina lako. Andika hizo, yaishe, mtoto afurahi." Akanitazama kama nimemtukana mama yetu. "Namba sibuni," akasema. "Mahali ni maneno, naweza kuyajibu mimi. Namba atazijengea kitu." Nikamwambia basi ataona hazilingani. Akacheka. "Ataona ni za mzee aliyechoka, atazitupa. Ana akili."

Umenielewa? Aliweka kila tumaini lake kwamba utamdharau. Na wewe ukamwamini. Nyinyi wawili, mngekuwa mnazungumza kama watu wengine, shule ile ingekuwa na maji.

Sikuandikii hivi kukuumiza. Au labda naandika kukuumiza, maana naona hakuna kinachokufikia. Mimi pia nina yangu. Aliniambia nikuandikie, sikuandika, na sasa kuna mtoto wa watu amekaa nyumbani kwake bila kazi anaangalia mikono yake. Huyo Miwani ana watoto? Ana mtu? Hukuniambia. Umeniambia tu kuhusu kikombe.

Jina la kaka yangu niachie mimi, nitalibeba. Nina mabega ya ukoo. Hapa mtaani wameshaanza kuulizana kama mzee alipima vibaya mpaka wa shamba la fulani na fulani, kwa sababu kuna mtu ana kifaa chako na kinaonyesha mpaka uko kwenye choo cha jirani. Ukinyamaza, hivyo ndivyo watakavyomkumbuka: kwamba hakujua kupima. Hicho ndicho kitu pekee ambacho hakikuwa kweli juu yake.

Kula. Lala. Ukilia niandikie siku na saa, niweke alama.

Shangazi yako


Karakana, 3 Julai

Shangazi, shikamoo.

Miwani ana watoto watatu na mama mzee asiyeona. Nilikwenda kwake Jumapili. Nyumba yake ina vyumba viwili na kila kitu kilichovunjika humo kimeungwa kwa solda, hata mpini wa sufuria. Nilimwambia yote nikiwa bado nimesimama. Alisikiliza, akamaliza kukunja nguo aliyokuwa anakunja. "Wiki ngapi umejua?" akauliza. Nikasema nane. Akasema, "Nane." Akakunja nyingine. Halafu akasema, "Keti, mtoto wa mzee, unanichosha shingo." Hakusema amenisamehe na sikumuuliza. Alinipa chai na nikainywa yote.

Jumatatu nilimkabidhi Senti ripoti. Ina kurasa mbili. Nimeandika kwamba solda haina kosa, mtambo hauna kosa, na kipimo hakina kosa. Kosa ni la aliyepokea kipimo kutoka nguzo moja badala ya mbili, akabadilisha jedwali kwa sahihi yake. Chini nimeandika jina langu lote. Mahali pa kueleza aliyepima, nimeandika: mpima ardhi mstaafu, miaka thelathini na mmoja ya kazi, mgonjwa wa kulazwa, wodi ya wanaume; alitaja mahali asipokuwepo, hakubadilisha namba hata moja. Kalamu ilikwenda tu. Nilidhani itasimama kwenye neno mgonjwa, haikusimama.

Senti alisoma mara mbili. Akatoa kikokotozi, kama kawaida yake, kisha akakirudisha kwenye droo bila kubonyeza kitu. "Kwa nini hukuniambia kwamba baba yako anaumwa?"

"Sikujua, mkuu."

Mimi nilikuwa naangalia kiti chake, kina miguu minne. Akasema Miwani arudi kesho yake, na amerudi. Mimi ameniondoa kwenye jedwali. Akaniuliza kama nina la kusema juu ya hilo, nikasema sina. Kisha akasema wilaya ile ifungwe, vipokezi viachwe huko huko, gharama ya kuvirudisha ni kubwa mno, tuuze kwingine. Hapo ndipo nilipokuwa na la kusema, Shangazi. Nilisema kwa sauti ndogo na alinielewa: kwamba jedwali likibadilishwa linaingizwa kwa waya mmoja na dakika kumi, na kwamba hakuna haja ya kuvirudisha kama kuna mtu wa kuvifuata. Akauliza nani atapita nyumba kwa nyumba kutafuta vipokezi mia tatu na kumi na viwili. Hakusubiri jibu, akasema atafikiri.

Sikumsubiri afikiri.

Lile jedwali nililoliharibu nimelirudisha lilivyokuwa, na kabla ya kulikabidhi kwa mwenzangu nililipima upya katika wilaya yetu, safari hii kwa sehemu mbili kama kanuni inavyotaka. Ya kwanza ni nguzo ya daraja, ambayo mhandisi wa barabara alinisomea kwa kifaa chake wiki iliyopita. Ya pili ni benchi la barazani, wodi ya wanaume, ambalo mpima ardhi wa manispaa amelipimia namba zake za ramani, nikamlipa kwa mshahara wangu. Kwa benchi sikuhitaji mtu wa kwenda kusoma kipokezi. Nilikuwa na siku arobaini za vipimo kwenye daftari. Sehemu zote mbili zimekubaliana, kwa mita tatu.

Daftari lenyewe nimelishughulikia kama wapima wanavyofanya wakikosea. Hawafuti. Nimepiga mstari mmoja juu ya neno "nguzoni" katika kila ukurasa, ili bado lisomeke, nikaandika pembeni mahali alipokuwa, na tarehe, na herufi za jina langu. Ni kurasa saba. Kwenye ya tano nilishindwa kuona mstari. Ilikuwa Alhamisi, saa tisa na dakika ishirini mchana. Umesema nikuandikie.

Chumba chenye dirisha nimekirudisha kwa mwenyewe. Likizo yangu yote nimeichukua kwa pamoja, na zikiisha siku zake Senti atajua la kunifanya. Jana asubuhi nilitia posta barua mia tatu na kumi na mbili, kila moja imeandikwa kwa mkono, kwa anwani zilizo kwenye daftari la mauzo, inamwomba mwenye kipokezi asikifuate mpaka nifike mlangoni kwake. Ya kwanza ni ya wachimba visima. Hii nakuandikia nikiwa kituo cha basi, tiketi ninayo, waya uko mfukoni, na gari limeshawasha injini.

Binti wa kaka yako